Shahada mbili kwa mpigo?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu vijana wanaotaka kusomea shahada mbili kwa wakati mmoja.

Mwanangu anataka mchana asome ualimu hapa Tabora, na usiku asomee sheria Chuo Kikuu Huria. Asema ajira ni adimu, hivyo shahada moja haitoshi. Simlaumu, hofu yake ni ya kweli. Lakini mitihani ikigongana, atafanya upi? Na ada ya pili itatoka wapi, nami nauza asali sokoni?

Tume ya Vyuo Vikuu humtaka aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja athibitishe kimoja tu, ili nafasi nyingine apate mwenzake. Hiyo ni haki.

Mwalimu Nyerere alimaliza Makerere mwaka 1945, akafundisha hapa Tabora, ndipo akaenda Edinburgh mwaka 1949. Hakupungukiwa kitu.

Chuo Huria hupokea hata watu walio kazini. Kwa hiyo nimemwambia: chagua moja, uimalize. Ya pili itakusubiri.

Wazazi wenzangu mnasemaje?

Mzazi,
Gongoni, Tabora.