Simu za kukunja: kamera ni nzuri, ila kitufe kiwe wapi?

Kwenye simu ya kawaida, kitufe cha kupiga picha kipo chini, pale kidole gumba kinapofika. Ikishakuwa ya kukunja, hesabu hiyo inavurugika.

Chukua Galaxy Z Flip ya Samsung ya mwaka 2020. Ukiikunja nusu na kuiweka mezani inasimama yenyewe, bila stendi: picha inabaki juu, vitufe vinashuka chini. Safi kabisa. Shida ilikuwa kioo cha nje, inchi 1.1 tu, kidogo kama stempu. Kujipiga selfi kwa kamera kuu kulikuwa karibu na kubahatisha. Flip5 ya 2023 ikakipandisha hadi inchi 3.4, na mambo yakabadilika.

Lakini kioo kikubwa hakitoshi. Programu ya kamera inayokuja na simu inajua bawaba imekunjwaje. Ile unayopakua mwenyewe si lazima ijue. Google imewapa watengenezaji Jetpack WindowManager, inayoiambia programu mkunjo uko wapi. Asiyejali hayo, kitufe chake kinaweza kuangukia kwenye mkunjo, au uso wa mtu ukatandazwa kama chapati simu inapofunguliwa.

Halafu kuna anayepigwa picha, ambaye husahaulika. Kioo cha nje kinaweza kumwonyesha anavyoonekana kabla hujabonyeza. Kwa Samsung, mpigaji ndiye anayekiwasha, kwa alama ndogo ndani ya kamera. Usipoijua alama hiyo, umelipia kioo usichokitumia.