Sura ya Programu na Haki ya Timu za Mchangani

Wako waaminio kwamba katika programu za kompyuta sayansi imo ndani tu, penye hesabu na hifadhi ya kumbukumbu. Na kwamba sura ya programu, yaani ile sehemu ionekanayo kwenye skrini na kuguswa na mtumiaji, ni urembo, kazi ya wapaka rangi. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu nautoa katika jambo alijualo kila mwanafunzi: msimamo wa ligi ya mchangani.

Tuchukue ligi ya timu nane, iendeshwayo na katibu wa kujitolea mwenye simu ya mkononi. Nafasi ya nusu fainali imebaki moja. Timu mbili zinaigombea, moja ina pointi 10, nyingine 9. Lugha itumikayo sana kuandikia sura za programu za intaneti ni JavaScript, iliyobuniwa mwaka 1995. Ukiiamuru ipange orodha ya namba bila kuieleza namna ya kuzilinganisha, huzipanga kama maneno ya kamusi, tarakimu ya kwanza kwanza. Maadamu 1 hutangulia 9, basi 10 huhesabiwa ndogo kuliko 9. Igeuze orodha ili kubwa ikae juu, na timu yenye pointi 9 itaipita yenye 10. Kompyuta haitalalamika hata kidogo. (Nami niliwahi kunaswa na mtego huu mbele ya wanafunzi wangu. Walicheka, na walikuwa na haki.) Vijana waliocheza juani miezi mitatu watakuwa wametolewa na mstari mmoja wa maandishi.

Tena, mpangilio ulio sahihi nao unadaiwa sababu. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 nchini Urusi, Japani na Senegali zilimaliza Kundi H zikiwa na pointi 4 kila moja, mabao 4 ya kufunga na 4 ya kufungwa, na zenyewe zilikuwa zimetoka sare ya 2–2. Japani ilisonga mbele kwa kuwa na kadi za njano 4, Senegali ikiwa na 6. Jedwali lenye safu za pointi na mabao pekee lingemwacha mtazamaji akidhani pamefanyika upendeleo. Na katika ligi zetu dhana hiyo huzaa ugomvi.

Kwa hiyo naona katibu asipewe kabisa nafasi ya kuandika pointi. Aandike mabao ya kila mchezo, programu ijumlishe yenyewe, na mtazamaji akigusa jina la timu aione michezo iliyozaa pointi hizo. Matokeo yaliyoandikwa mtandao ukiwa umekatika yawekewe alama kwamba hayajapelekwa, yasije yakadhaniwa yamefika.

Mwalimu anayefundisha somo la kompyuta anaweza kuanza na ligi ya madarasa ya shule yake. Majaribio ya kwanza yawe ya timu mbili tu: moja ipewe pointi 9, nyingine 10.