Kimbunga na muhogo wa Kisarawe

KIMBUNGA Hidaya kiliishiwa nguvu Mafia, Mei 4, 2024. Jobo nacho, Aprili 2021, kilififia. Kile kilichopiga Lindi mwaka 1952 hakikuwa na huruma hiyo.

Kwa Kibaha na Kisarawe, zilizo ndani kidogo, cha kuogopwa zaidi si upepo bali mvua inayoandamana nao. Muhogo mbichi ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu. Njia ya udongo ikikatika, mzigo haufiki Dar es Salaam na mnunuzi anatafuta kwingine. Hasara ya namna hiyo mara nyingi haiandikwi popote.

Marekani, wapo wanafunzi wanaotumia likizo ya kiangazi kuchunguza jinsi jamii zinavyohimili vimbunga. Hapa kwetu wanavyuo hutoka kila mwaka kwa mafunzo kwa vitendo, na Chuo Kikuu Ardhi kina kituo cha masuala ya maafa. Basi wachache wakae Mlandizi na Maneromango wiki sita, waulize: tahadhari ya redio ilifika lini? Daraja lipi hutangulia kuzama? Nani aliuza, kwa bei gani?

Sharti liwe moja: nakala ibaki ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili. Wakulima wamechoka kuhojiwa wasione majibu.