Msamaha haufuti hati ya shamba
Mwandishi wa safu ya juma lililopita anadai kuwa Mkristo akishamsamehe ndugu mkorofi, hana haki tena ya kumdai. Ameisoma Mathayo 18 kuanzia katikati. Kabla Petro hajauliza asamehe mara ngapi, Yesu ameshaagiza mkosaji aendewe faraghani, kisha kwa mashahidi, kisha ashtakiwe kanisani. Naye Paulo, alipomwombea Onesimo kwa Filemoni, hakusema deni limeyeyuka. Alijitolea kulilipa mwenyewe. Huo ndio ukarimu: kuna aliyegharamika. Kumhubiria mjane msamaha huku shemeji amekalia shamba lake (na wakati mwingine shemeji huyo ni mzee wa kanisa) ni kumtoza aliyeumizwa mara ya pili. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Shemeji na aanze na hati.