Nyumba Njema si Mlango

Wazee wetu walisema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aghalabu usemi huu hutumiwa kuwaonya vijana wanaotafuta wachumba. Mimi nataka kuutumia kuwaonya wasafiri, kwa sababu wasafiri wengi husimama mlangoni, wakasifu nakshi, wakapiga picha, kisha wakarudi makwao wakidai kuwa wameiona nyumba.

Twaa mfano wa Lavenham. Huu ni mji mdogo katika jimbo la Suffolk, mashariki ya Uingereza, na wakazi wake hawafiki 2,000. Ulipata hati ya kifalme ya kuwa na soko mwaka 1257. Una majengo ya kale zaidi ya 300 yanayolindwa na sheria, na mengi katika hayo yamesimama tangu karne ya 15 na ya 16. Nguzo na mihimili yake ni ya mti wa mwaloni, na katikati ya nguzo zimesukwa fito na kukandikwa udongo, kama zilivyojengwa nyumba nyingi za babu zetu. Mbao zilitumiwa zikali mbichi, nazo zilipokauka zikajipinda. Kwa hiyo nyumba nyingine leo zimelala upande, kama wazee wanaoegemeana njiani. Kila mwaka wageni humiminika kuzitazama, na filamu moja mashuhuri iliyotoka mwaka 2010 iliongeza idadi yao.

Siku moja ukijaliwa kufika huko, kwa masomo au kwa kazi, utawasikia wageni wenzako wakisema maneno ya namna mbili. Mmoja atasema, “Tazama watu hawa walivyotunza mali ya wazee wao! Utunzaji umo katika damu yao, sisi hatukujaliwa.” Mwingine atashusha pumzi na kusema, “Laiti ningaliishi katika zama zile, watu walipokuwa wameridhika na maisha yao!” Nasema wazi kwamba maneno hayo yote mawili si kweli. La kwanza humdhalilisha asemaye, na la pili huwadhulumu waliokufa. Na tuingie ndani tuone.

Mji huu ulijengwa na sufu. Mwanzoni mwa karne ya 16 kitambaa cha Lavenham, hasa kile cha rangi ya buluu, kilisafirishwa mpaka ng’ambo. Katika kodi ya mwaka 1524 mji huu ulihesabiwa kuwa wa 14 kwa utajiri katika Uingereza nzima, ukaipita hata miji mikubwa kama York na Lincoln. Kanisa lake, ambalo sehemu kubwa ilijengwa upya kati ya mwaka 1485 na 1525, lina mnara wenye kimo cha mita 43 hivi. Fedha za kazi hiyo zilitoka kwa mwungwana mkubwa, John de Vere, Earl wa Oxford, na kwa matajiri wa vitambaa, mkubwa wao akiwa Thomas Spring, aliyefariki mwaka 1523. Alama ya ukoo wa Spring imechongwa mara nyingi juu ya mnara ule, ili kila atazamaye mbinguni alione kwanza jina la mfadhili.

Lakini jina la aliyesokota uzi halikuchongwa popote. Kumbuka, msomaji, kwamba tajiri wa kitambaa hakufuma. Alinunua sufu, akaigawa kwa watu wa nyumba ndogo ndogo. Wanawake na watoto wakaisokota, wanaume wakaifuma, kila mmoja kwa ujira wa kazi aliyopewa. Kazi ilipokuwapo, walikula. Kazi ilipokoma, hawakuwa na shamba la kuwatosha wala akiba ya kuwasitiri.

Kazi ilikoma mwaka 1525, mwaka ule ule tuliousikia kuwa mwisho wa ujenzi wa kanisa. Mfalme Henry wa Nane alitaka fedha za vita katika Ufaransa, na waziri wake, Kardinali Wolsey, akaamuru watu wa kawaida watoe hata sehemu moja ya sita ya mali yao. Matajiri wa vitambaa wakawaambia wafanyakazi wao kwamba wakilipa hayo, hawatakuwa na fedha za kuwaajiri, wakawafukuza. Basi yapata watu 4,000 wa Lavenham na miji ya jirani wakakusanyika kwa hasira. Mwandishi mmoja wa tarikhi wa zama zile amesimulia kwamba Duke wa Norfolk alipowaendea na kuwauliza jemadari wao ni nani, mtu mmoja akamjibu kuwa jemadari wao anaitwa Umaskini. Mfalme akaiacha kodi ile, na viongozi wa maasi wakasamehewa.

Je, hizo ndizo zama za watu walioridhika? Mtu mwenye kuridhika hamfanyi Umaskini kuwa jemadari wake.

Sasa tuitazame hoja ya damu na utunzaji. Baada ya miaka ile biashara ya Lavenham iliporomoka. Vita viliziba njia za masoko ya nje. Baadaye wakimbizi wa Kidachi waliohamia Colchester wakaleta ufundi wa vitambaa vyepesi, vya bei nafuu, vilivyopendwa na wanunuzi. Kile kitambaa kizito cha buluu kikakosa wa kukivaa. Mji uliokuwa wa 14 ukafifia hata soko lake la kila wiki likafa. Jumba zuri la chama cha kidini, lililojengwa yapata mwaka 1530 katika kiwanja cha soko, likageuzwa gereza, na baadaye nyumba ya kuwafanyiza kazi mafukara. Katika karne ya 19 watu wa mji huu walijipatia riziki kwa kufuma singa za farasi, na mazulia ya makumbi ya nazi, yale makumbi ambayo msomaji wa pwani anayajua tangu utotoni.

Wakati huo miji mingine ya Uingereza ilikuwa ikineemeka, nayo ilizifanyaje nyumba zake za mbao? Ilizibomoa, au ilizificha nyuma ya kuta za matofali, kwa sababu mtindo ulikuwa umebadilika na fedha za kufuata mtindo zilikuwapo. Lavenham haikubomoa kwa sababu haikuwa na fedha za kujengea tena. Haya ndiyo yaliyomo nyuma ya mlango, msomaji. Yule jemadari wa mwaka 1525 hakuondoka mjini. Alibaki, akawa mlinzi wa nyumba. Kwa muda wa karne tatu na zaidi nyumba zile hazikutunzwa na mapenzi ya mambo ya kale, bali na ukata. Mapenzi yalikuja baadaye sana. Lile jumba la chama lilikabidhiwa kwa shirika la National Trust mwaka 1951 tu.

Basi yule asemaye kwamba wenzetu walizaliwa na damu ya utunzaji na sisi tumezaliwa na damu ya uharibifu, na ajiulize kwa nini damu hiyo hiyo ilibomoa penye fedha na kuhifadhi pasipo fedha. Anapokosea kujua sababu, hujidharau bure; na mwenye kujidharau hana nguvu ya kujenga chochote.

Yupo atakayenipinga hapa, naye ana haki ya kusikilizwa. Atasema, “Uzuri ni uzuri, uwe umetokana na fedha au na ukata. Isitoshe, wageni hao unaowalaumu ndio wanaoilisha Lavenham leo. Wakiacha kuja, nani atatengeneza mapaa?” Nakubali kwamba uzuri wa nyumba zile ni wa kweli, asiyevutiwa nao ana macho magumu. Nakubali tena kwamba fedha za wageni husaidia. Wala simkatazi mtu kwenda. Ninachokataa ni kusifu jeraha kana kwamba ni pambo. Kovu la mwenzako laweza kuwa na umbo la kupendeza. Lakini ukilisifu bila kumwuliza liliumaje, umemkosea adabu.

Tena sifa za namna hiyo huzaa dhuluma mpya. Mtu akizoea kuona umaskini kuwa ni mandhari, ataanza kutaka maskini abaki alivyo. Atakwenda Lamu, ambayo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, naye atanung’unika akiona waya wa umeme juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe au bati juu ya paa la makuti. Hatauliza mwenye paa lile analala vipi mvua inaponyesha. Anataka mama yule aendelee kuteka maji kisimani kwa sababu ndoo kichwani inafaa katika picha. Mtu huyu ajiita mpenzi wa mambo ya kale; mimi namwita mpenzi wa shida za wengine. Mji mkongwe wafaa kulindwa, naam, lakini kwanza kwa manufaa na kwa shauri la wakaao ndani yake, wala si kwa ajili ya jicho la apitaye.

Na sisi tusijione kuwa tumetakasika. Milango ya Lamu ina nakshi za ajabu, na nyuma yake pia mna habari. Utajiri uliojenga baadhi ya nyumba zile ulitoka katika mashamba yaliyolimwa na watumwa, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907. Ikiwa nawataka wageni wa Lavenham wamuulizie msokota uzi, sharti mimi nawe tumuulizie mkulima yule wa Lamu ambaye hakulipwa. Swali likiwa la haki kwa jirani, ni la haki kwetu.

Labda utaniuliza: maskini wa Lavenham wako wapi leo? Nyumba ambazo babu zao hawakuweza kuzibomoa kwa ukata, leo ni za thamani kubwa, na mfanyakazi wa kawaida hawezi kuzinunua kwa mshahara wake. Reli iliyofika mwaka 1865 iliacha kuchukua abiria mwaka 1961. Na kiwanja cha soko, palipouzwa vitu vya watu wa mashamba, kwa kawaida hujaa magari yaliyoegeshwa. Umaskini ulilinda nyumba, na thamani ya nyumba ikawaweka nje walio maskini. Sijui malipo mabaya kuliko hayo kwa mlinzi.

Kwa hiyo, msomaji, ukipata nafasi ya kusafiri, usiikatae. Kutembea ni kuona mengi. Nenda Lavenham, au nenda mji wowote mkongwe wa dunia hii, na uvutiwe na kinachovutia. Lakini kabla hujainua kamera, uliza maswali matatu: nani alijenga, nani alilipa, na nani alinyimwa? Ukipata majibu, picha yako itakuwa na uzito. Ukiyakosa, angalau utakuwa umewaheshimu wasiotajwa kwa kuwatafuta. Na utakapopanda kuutazama mnara ule mrefu wenye alama za tajiri, teremsha macho polepole mpaka kwenye nyumba ndogo zilizo chini yake. Huko ndiko ulikotoka uzi.