Maktaba inayoweza kukimbia na watoto wake
Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Taifa

Bunia, mkoa wa Ituri

Kwa Mheshimiwa Raïssa Malu,
Waziri wa Elimu ya Taifa na Uraia Mpya, Kinshasa

Mheshimiwa Mama Waziri,

Mimi ni mwalimu wa sayansi, nafundisha mwaka wa 7 na wa 8 wa elimu ya msingi. Jina la shule yangu silitaji, kwa maana haya ninayoyaandika yangeweza kuandikwa na mwalimu wa shule yoyote kati ya nyingi za mji huu, na wenzangu wa maeneo ya Djugu, Irumu na Mambasa wangeongeza makubwa kuliko yangu.

Tulipofikia somo la kompyuta, niliwaomba wanafunzi waje kila mmoja na kipande cha katoni. Walikuja na za sabuni, za biskuti, za maziwa ya unga, walizookota sokoni. Tukachora vibonye safu kwa safu, A, Z, E, R, T, Y, mpaka kile kirefu cha chini. Ubaoni nilichora skrini kwa chaki. Kisha nikawaambia waweke vidole mahali pake na kila mtu aandike jina lake. Msichana mmoja, ambaye wazazi wake walikimbia Djugu na sasa wanaishi kambini Kigonze, alibonyeza herufi ya kwanza, akangoja, akainua macho. “Mwalimu, inatokea wapi?” Nilikwenda ubaoni, nikaiandika ile herufi mwenyewe ndani ya skrini ya chaki. Akabonyeza ya pili. Nikaandika ya pili. Tulifika mwisho wa jina lake namna hiyo, darasa zima likitazama kimya, na zaidi ya watoto 60 walikuwa bado wanangoja zamu.

Programu ya masomo siilaumu. Naipenda. Wewe ni mwanafizikia, na kabla ya kuwa Waziri ulikuwa miongoni mwa walioongoza mageuzi ya masomo ya sayansi katika mradi wa PEQPESU, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mageuzi hayo ndiyo yaliyoingiza teknolojia ya habari na mawasiliano katika somo moja na fizikia, liitwalo SPTIC, na yakatuambia walimu tuache kuimbisha watoto ufafanuzi wa maneno, tuanze kwa jambo ambalo mtoto analiona na kuligusa. Ni sawa kabisa. Ila kitu cha kugusa hakikufika pamoja na programu. Mtoto wa Gombe, huko Kinshasa, na mtoto wa Bunia wana programu moja, na mwisho wa safari watakalia mtihani mmoja wa Serikali. Siku ya matokeo ya mtihani huo, wote wawili watatuma SMS ya kulipia ili wajue kama wamefaulu. Kwa wengi wa wanafunzi wetu, hiyo ndiyo mara ya kwanza shule kuzungumza nao kupitia simu, nayo inakuja siku wanapoiaga shule.

Najua jibu ambalo watu wema hutoa: madawati kwanza, vyoo kwanza, mshahara wa mwalimu kwanza. Kuhusu mshahara sina ubishi. Tangu elimu ya msingi ya bure ianze kutekelezwa Septemba 2019, madarasa yamejaa, na bado kuna walimu wanaoitwa N.P. (non payés) na N.U. (nouvelles unités) wanaosimama mbele ya ubao bila kulipwa na Serikali. Ukiwasikia wao kwanza, hutanikosea mimi.

Lakini ningependa uitazame Ituri kwa macho ya mtu anayekimbia. Watu wanapotoka kijijini usiku hubeba mtoto, godoro na sufuria. Kitabu hubaki. Shule inapochomwa, kabati lake huungua nayo, na mwalimu anayefika Bunia kwa miguu hufika na yale tu aliyonayo kichwani. Tuko chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, tangu tarehe 6 Mei 2021, na nimeona watoto wakifika katikati ya mwaka bila daftari hata moja, wakiulizwa walifikia wapi, hawajui. Sasa, kamusi elezo ya Wikipedia ya Kiswahili nzima inaingia ndani ya kadi ya kumbukumbu ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Vitabu vya fizikia, hesabu na biolojia vya miaka yote vinaingia pembeni yake. Mwalimu anaweza kuishona katika upindo wa nguo akavuka nayo mto. Huko Kinshasa mtu anaweza kudhani teknolojia shuleni ni anasa ya watu waliokwisha kutulia. Kwetu ndiyo maktaba pekee inayoweza kukimbia na watoto wake.

Kwa hiyo siombi intaneti kwanza. Mega ni ghali, na mwalimu anazinunua kwa makuta yake mwenyewe ili aonyeshe picha ya seli, simu ikipita benchi kwa benchi mpaka moto wake unaisha. Naomba kitu kidogo zaidi. Kuna programu za kompyuta za bure, kama Kolibri na Kiwix, zilizotengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo mtandao: kisanduku kimoja chenye ukubwa wa kitabu cha sala kinahifadhi masomo, kinayarusha ndani ya darasa bila waya, na simu au tableti yoyote iliyo karibu inayasoma bila senti moja ya mega. Kinakula umeme kidogo sana, kiasi ambacho paneli moja ya jua na betri moja vinaweza kukilisha.

Nataja jua makusudi. Umeme wa mji wetu hutoka Budana, kwenye mto Shari, katika mtambo uliojengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo. Mji uliokuwepo wakati ule si huu wa leo, uliojaa watu waliotoka vijijini kutafuta usalama. Mitaa mingi haiupati umeme huo, na shule nyingi zinauona ukipita juu ya paa kwenda kwingine. Tukisubiri waya, msichana wa Kigonze atakuwa na wajukuu.

Naomba pia, Mama Waziri, usitutumie malori ya tableti. Kenya, jirani wa jirani yetu, ilianza mwaka 2016 kugawa vifaa kwa shule za msingi, zaidi ya milioni 1. Katika shule nyingine watoto walivifurahia kweli. Katika nyingine vilifungiwa kabatini, kwa kuwa umeme haukuwapo, au mwalimu hakufundishwa vya kutosha, au mkuu wa shule aliogopa kulipa kitakachovunjika. Hapa kwetu hofu hiyo ina uzito mwingine: kitu cha thamani kikijulikana kuwa kiko shuleni, wenye silaha nao watajua. Vifaa vichache, vidogo, vinavyolala nyumbani kwa mwalimu au kwa mjumbe wa kamati ya wazazi, vitadumu kuliko chumba kizuri kilichozinduliwa mbele ya kamera.

Mfano wa karibu zaidi uko ndani ya nchi yetu wenyewe. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi pamoja na mfuko wa hisani wa Vodafone walianza mwaka 2013 kufungua madarasa yenye tableti, projekta na umeme wa jua, na baadhi yake yako kaskazini-magharibi ya Kongo, kwa wakimbizi waliotoka Afrika ya Kati. Basi inawezekana chini ya jua letu na kwa walimu wetu. Nafurahi kwa ajili ya wale watoto. Lakini mtoto wa Djugu aliyekimbilia Bunia hakuvuka mpaka wowote. Amebaki Mkongomani nyumbani kwake, na kwa sababu hiyo jukumu lake ni lenu zaidi kuliko la shirika lolote.

Kuhusu fedha, sheria ipo. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 inazungumzia mfuko wa maendeleo ya huduma kwa wote, FDSU, uliowekwa ili mahali ambapo kampuni za simu hazioni faida pasisahauliwe. Mfuko huo haumo katika wizara yako, najua. Lakini ni nani atakayekwenda kugonga mlango wa mwenzake na kusema kwamba mteja wa kwanza wa huduma kwa wote ni shule, kama si wewe?

Na kuhusu watu, tafadhali usilete wataalamu wa wiki mbili kutoka mbali. Wazee wa Bunia wanaikumbuka Candip. Katika miaka ya 1970, kituo hicho cha ufundishaji cha Chuo cha Ualimu, ISP Bunia, kilifungua redio yake, na masomo yakaruka kwa masafa mafupi yakifika vijijini kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za huku. Fundi, mwalimu na mtangazaji walikaa chini ya paa moja, wakaulizana mwanakijiji anahitaji kujua nini. Chuo hicho bado kipo, na walimu wa kesho wa Ituri wanasoma humo. Kipe kazi ile ile kwa vyombo vya leo: kitayarishe masomo, kiyasome kwa sauti kwa Kiswahili kwa ajili ya madarasa ya chini, kama sheria ya elimu ya 2014 inavyotaka lugha za taifa zitumike, kiyaweke kwenye kadi, kifundishe kijana mmoja katika kila mtaa kutengeneza betri na paneli. Kadi hizo zisafiri kwa pikipiki, kama zinavyosafiri karatasi za mitihani.

Tuanze na shule 20, ukipenda. Nusu ziwe hapa mjini, nusu nje, na zile zinazopokea watoto waliokimbia zitangulie. Mpe kila mwalimu wa SPTIC muda wa kujifunza, si semina ya siku moja ambayo nusu yake ni hotuba. Baada ya mwaka mmoja njoo Bunia, uketi benchi la nyuma.

Vibodi vya katoni nimevihifadhi, isipokuwa vilivyolowa mvua ilipoingia darasani. Msichana niliyekueleza habari zake atakuwa mwaka wa 8 Septemba ijayo, kama familia yake haitahama tena. Ameniuliza kama safari hii herufi zitatokea zenyewe. Nimemwambia nitakuandikia.

Kwa heshima kubwa,

Mwalimu wa sayansi, Bunia