Boya la watafiti na ndoano ya mvuvi: ziwa ni la nani?

Wadau, leo tuziache kidogo siasa za majukwaani. Kuna ugomvi mmoja wa kimyakimya kule Marekani ambao nadhani unatuhusu kuliko tunavyofikiri. Ni ugomvi kati ya mwanasayansi na mvuvi wa ndoano, na wote wawili wanagombea maji yaleyale ya karibu na ufuko.

Twende Ziwa Erie. Ni moja ya maziwa makuu matano ya kule (si haya ya kwetu), lipo mpakani mwa Marekani na Kanada. Katika yote matano hili ndilo lenye kina kifupi zaidi, na upande wake wa magharibi kina cha wastani ni kama mita 7 tu. Maji machache, jua kali, halafu mbolea ya mashambani inaingia kupitia mto Maumee. Matokeo yake kila kiangazi ziwa linageuka kijani kwa mwani wenye sumu.

Msidhani ni utani. Tarehe 2 Agosti 2014 mji wa Toledo, jimbo la Ohio, uliwatangazia watu zaidi ya laki nne wasinywe maji ya bomba. Na wakaambiwa kabisa wasijaribu kuyachemsha, maana sumu ile haiishi kwa moto, ukichemsha ndiyo inazidi kukolea. Katazo liliondolewa tarehe 4. Hiyo ni Marekani, jamani, siyo kijiji kisicho na mtambo wa maji.

Sasa hapo ndipo maboya yanapoingia. Watafiti wanatia nanga maboya yenye vipimo: joto la maji, upepo, urefu wa mawimbi, na mengine yanapima mwani wenyewe. Yanaendeshwa kwa betri na sola, na taarifa zinaruka hadi kwenye intaneti mchana na usiku. Yanawekwa majira ya kuchipua, kisha yanatolewa kabla barafu haijafunga ziwa. Kwa hiyo muda wa kazi ni miezi michache tu kwa mwaka. Boya likiharibika Julai, hizo siku zimekwenda na huwezi kuzipima tena.

Tatizo ni samaki. Kitu chochote kikielea muda mrefu, mnyororo wake unaota mwani, mwani unaita visamaki, visamaki vinaita wakubwa. Mvuvi anayejua kazi yake hahitaji kuambiwa. Anasogeza boti, anarusha ndoano, inanasa kwenye waya wa vipimo. Mwingine anaona uvivu kushusha nanga yake, anafunga kamba kwenye boya lenyewe. Boti ikining'inia pale, boya haliwezi tena kupima wimbi sawasawa, na nanga yake inaweza kuburutwa.

Ukimuuliza mwanasayansi atakwambia wavuvi hawana adabu. Ukimuuliza mvuvi naye ana hoja. Boti yake ndogo haiwezi kwenda mbali, maji ya karibu ndiyo riziki au starehe yake, na alikuwepo kabla ya hilo boya. Tena analipa! Tangu sheria ya mwaka 1950, vifaa vya uvuvi kule vina kodi maalum, na fedha hiyo inakwenda kwenye majimbo kusimamia samaki. Sasa mtu aliyelipia leseni, akalipia na kodi kwenye fimbo yake ya kuvulia, unamwambia akae mbali na kidude cha manjano ambacho hakuna aliyemweleza kinafanya nini. Atakuelewa?

Lakini tuwe wakweli, mvuvi huyohuyo asubuhi kabla hajatoka nyumbani anafungua simu kuangalia nini? Boya! Erie kwa ufupi wa kina chake linachafuka haraka, mawimbi yake ni mafupi na makali, boti ndogo inapinduka. Na joto la maji linamwonyesha samaki wamehamia wapi. Anakula matunda ya mti anaoukata.

Na sasa mti wenyewe unatikiswa kutoka juu. Februari 2025 mamia ya wafanyakazi wa NOAA, idara ya bahari na hali ya hewa ya Marekani, waliachishwa kazi, wakiwemo wa maabara ya maziwa makuu iliyopo Ann Arbor. Kisha bajeti iliyopendekezwa na serikali kwa mwaka 2026 ikataka kitengo cha utafiti cha idara hiyo kifutwe. Nani atapiga kelele kulitetea boya? Wanasayansi ni wachache. Wavuvi ni mamilioni, na wanapiga kura.

Maoni yangu: faini peke yake haitalinda boya. Huwezi kuweka askari kwenye kila kidude majini. Kinacholinda ni mtu kuona ni chake. Baadhi ya maboya ya ufukweni kule Ziwa Michigan yamewahi kuendelea kwa sababu watu wa eneo hilo walichangia. Aliyetoa hela yake hafungi kamba pale, na akimwona mwenzake anafunga atamkaripia yeye mwenyewe.

Kwetu je? Ziwa Victoria lina mwani, lina dhoruba za ghafla, na wavuvi wanakufa. Tena wetu hawavui kwa kujifurahisha. Boya lenye betri na sola mbele ya mtu ambaye nyumbani hana umeme ni mtihani, tusidanganyane. Ila tuna BMU, vile vikundi vya wavuvi kila mwalo. Mradi ukija umeanzia ofisini, wavuvi wanaona boya siku linaposhushwa majini, basi tusishangae likipotea. Ukianzia mwaloni, wavuvi wakachagua liwekwe wapi na taarifa ya upepo ikawafikia kwa Kiswahili kabla ya kutoka, mlinzi wa boya atakuwa yuleyule tuliyemwita mwizi.

Wadau wa Mwanza, Musoma, Kisumu na Bukoba, nyie ndio wenye ziwa. Boya likiwekwa kwenu, mngelilinda au lingeishi wiki moja? Semeni ukweli. Naomba kuwasilisha.